Mkeka Umetiki, Hawataki Kulipa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nilikaa dirishani miaka mitatu nikiwakatia watu tiketi katika duka la kubeti, si mbali na Sabasaba hapa Dodoma. Kazi ile niliiacha. Siku hizi nauza kava na chaja Nkuhungu. Watu hawajaniacha. Kila Jumatatu lazima aje mmoja na simu mkononi: "Kaka, hawa jamaa hawataki kunilipa." Mkeka wake, yaani orodha ya mechi alizozibashiri kwa dau moja, umetiki: zote zimetokea alivyobashiri. Maswali ni yale yale, nami nimechoka kuyajibu kwa mdomo. Mimi si wakili. Ninachokijua ni jinsi mambo yanavyokwenda upande wa pili wa dirisha, na mlango upi hufunguka ukibisha hodi.

## Kwanza: ni kweli umekataliwa?

1. Mechi zote zimetiki lakini salio liko vile vile. Ndiyo wamenidhulumu?

Pengine bado. Wengi wanaokuja kwangu wamo katika moja ya hali tatu, na kila hali ina dawa yake: mkeka haujahesabiwa, mkeka umehesabiwa lakini pesa imekwama njiani, au kampuni imekataa kweli. Fungua historia ya mikeka usome neno lililoandikwa kwenye mkeka wako. Likiwa "unasubiri", kuna mechi humo ambayo matokeo yake hayajathibitishwa, na mara nyingi ni ile ya ligi ambayo hata wewe hujui inachezwa nchi gani. Magoli huthibitishwa haraka. Kona, kadi na mfungaji huchelewa, maana kampuni hutegemea takwimu zinazouzwa na watu wengine. Mechi ya mwisho ikiisha usiku, ngoja hadi mchana wa kesho yake ndipo uanze kuuliza.

Neno likiwa "umeshinda", nenda swali la 2. Likiwa "umepoteza" au "umefutwa" na wewe una hakika na matokeo, ruka hadi swali la 7.

2. Nimebonyeza kutoa, salio limepungua, lakini pesa haijaingia kwenye simu.

Usibonyeze tena. Kila ukibonyeza unaongeza muamala mwingine wa kufuatilia, na huduma kwa wateja watakushika kwa huo badala ya ule wa kwanza. Omba kampuni ikupe namba ya kumbukumbu ya muamala. Ukiwa nayo, piga kwa mtandao wako wa simu uwatajie. Mtandao ukisema namba hiyo haipo kwao, kampuni haijatuma, na mdaiwa wako ni kampuni. Ukisema ipo, umekwama kwao, na huko ndiko malalamiko yako yaende. Nimeona mtu akigombana wiki mbili na kampuni ya kubeti kumbe pesa ilishatoka, imekwama kwa sababu pochi ya simu yake ilikuwa imefika kikomo cha salio.

Angalia pia jina. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na kampuni nyingi hazilipi mpaka jina la akaunti na jina la laini yafanane. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako. Ukikuta laini unayobetia haimo, soma swali la 19.

3. Nimelipwa, ila pungufu. Nani kala tofauti?

Mara nyingi ni kodi. Kuna kodi ya serikali juu ya zawadi ya ushindi, na kampuni huikata yenyewe kabla ya kukulipa. Kiwango hakikai sehemu moja: hubadilishwa kupitia Sheria ya Fedha, ile inayojadiliwa Bungeni hapa hapa Dodoma kila Juni na kuanza kutumika Julai 1. Kwa hiyo usipige hesabu kwa asilimia aliyokutajia mtu mwaka juzi. Soma mstari wa kodi kwenye mkeka wenyewe.

Sababu nyingine ni mbili. Kuna mechi iliyofutwa ndani ya mkeka (swali la 8), au umegonga dari: masharti ya kampuni huweka kiwango cha juu cha malipo kwa mkeka mmoja au kwa siku. Dari halali ni lile lililokuwepo siku uliyoweka dau. Likiwa limeandikwa baadaye, una hoja.

4. Niende nikamgombeze keshia?

Unaweza kwenda. Nimegombezwa sana mimi, na sijawahi kumlipa mtu kwa sababu amepiga kelele. Keshia ana mashine inayosoma tiketi; mashine ikiandika "haijashinda", droo yake haifunguki kwa kiasi hicho, na akikulipa kwa huruma jioni anakatwa mshahara. Muombe vitu viwili tu: akuchapishie au akuonyeshe hali ya tiketi kama mfumo unavyoiona, na akupe jina na namba ya msimamizi wake. Mwambie kwa upole. Keshia uliyemtukana leo ndiye atakayeulizwa kesho kama ulikuja na tiketi halisi.

## Ushahidi

5. Nitunze nini hasa?

Namba ya mkeka, tarehe na saa, dau, orodha ya mechi na machaguo, odi ya kila mechi (ile namba inayozidishwa na dau kupata ushindi), na kiasi ulichoahidiwa. Ongeza ujumbe wa simu wa siku uliyoweka pesa, na picha ya ukurasa wa matokeo kutoka chanzo kisichokuwa cha kampuni. Picha ya skrini ipigwe ikiwa nzima, saa na betri zionekane juu. Ukiikata ukabakiza kiasi cha ushindi tu, umetupa nusu ya ushahidi.

Kitu watu wanachosahau ni masharti. Yahifadhi siku hiyo hiyo ugomvi unapoanza, ukurasa mzima, kwa sababu ukurasa huo ni wa kampuni na inaweza kuuhariri wakati wowote. Hapo ndipo kesi nyingi huamuliwa. Kelele zako kuhusu goli la dakika ya 88 hazina uzito kama sentensi moja ya masharti yao wenyewe.

Kwa tiketi ya dukani, piga picha kabla hujatoka dirishani. Karatasi ile haina wino. Maandishi yake hutokea kwa joto la kichwa cha printa, na joto lile lile huiharibu. Ikikaa juu ya tangi la pikipiki mchana wa Oktoba, hapa kwetu, inageuka nyeusi. Ikikaa juani inapauka. Niliwahi kuletewa tiketi iliyolala siku nne ndani ya kava la simu la dereva wa bodaboda wa Chang'ombe. Jasho na jua vilikuwa vimebakiza nembo ya kampuni, neno "asante", na nusu ya ile mistari myeusi ya kuskani. Alishinda, na aliniona nikiigeuza geuza kwenye mwanga kama daktari wa mifugo. Kilichomuokoa ni rafiki yake aliyekuwa amepiga picha mkeka ule ili auige.

6. Tiketi imepotea kabisa. Basi tena?

Tiketi ya dukani isiyo na akaunti ni kama noti: aliyenayo ndiye mwenyewe. Lakini mfumo wa kampuni unajua duka, dirisha, saa na dakika ya kila tiketi. Nenda mapema, taja saa na mechi, uombe tiketi izuiwe isilipwe kwa mtu mwingine mpaka wahakiki. Ukiwa na picha yenye namba, nafasi yako ni kubwa. Usiipeleke picha hiyo kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kulipwa. Namba ya tiketi ikionekana, umempa mwingine ufunguo. Angalia pia siku za mwisho za kudai, huandikwa kwa herufi ndogo chini au nyuma ya tiketi.

## Sababu wanazotoa, na zipi zina mashiko

7. Timu yangu imechukua kombe, mkeka unasema nimepoteza!

Hili ndilo swali linaloleta ugomvi mwingi na kesi chache. Ukichagua 1 (wenyeji washinde), X (sare) au 2 (wageni washinde), dau lako linaishia dakika 90 na zile za nyongeza za majeruhi. Dakika 30 za ziada na penalti hazimo, isipokuwa soko lenyewe, yaani aina ya dau uliyochagua, liwe limeandikwa "kufuzu" au "kuchukua kombe".

Chukua fainali ya Kombe la Dunia ya Desemba 18, 2022. Argentina na Ufaransa walimaliza dakika 90 wakiwa 2–2, wakamaliza 120 wakiwa 3–3, Argentina wakashinda kwa penalti 4–2. Aliyempa Argentina ushindi wa kawaida alipoteza huku Messi akinyanyua kombe. Aliyeweka sare alishinda. Aliyeweka magoli zaidi ya 4.5, yaani matano au zaidi, alipoteza, ingawa kwenye luninga alihesabu magoli sita kabla ya penalti. Siku ile dirishani nilieleza hivi mara ishirini, na nadhani walionielewa ni wawili.

8. Mechi moja iliahirishwa. Wameufuta mkeka wote, au wamenipunguzia. Sawa?

Kupunguza ni kawaida; kufuta mkeka wote si kawaida. Mechi isiyochezwa ndani ya muda uliowekwa na masharti huhesabiwa odi 1.00, yaani kama haimo, na mkeka unaendelea na zilizobaki. Tuseme uliweka Sh 2,000 kwenye mechi tano zenye odi 1.50, 1.80, 2.00, 1.40 na 2.20. Ukizizidisha zote, odi ya jumla ni 16.632, na ahadi ni Sh 33,264 kabla ya kodi. Ile ya 2.20 ikiahirishwa, jumla inashuka hadi 7.56, na stahili yako ni Sh 15,120. Hujaibiwa, umepungukiwa na mechi. Wakikurudishia Sh 2,000 peke yake wakati nne zimetiki, hapo dai.

Ugomvi huwa kwenye huo muda. Kampuni hii hungoja saa 24, ile saa 48, nyingine mpaka mwisho wa siku ya mechi. Wengi walijifunza kwa mechi ya watani. Simba na Yanga walikuwa wacheze Machi 8, 2025, ikaahirishwa siku ile ile, ikaja kuchezwa Juni 25 na Yanga akashinda 2–0. Wapo waliokuwa wametunza mikeka ya Machi wakaileta Juni wakitaka malipo. Mkeka wa Machi ulikuwa umeshafungwa na dau la mechi hiyo kurudi tangu Machi.

9. Wanasema odi "ilikosewa" kwa hiyo hawalipi.

Hapa ndipo nataka ukae kitako, maana kifungu hiki kimo karibu kila masharti na ndicho kinachotumiwa vibaya kuliko vyote. Kosa la wazi lipo kweli. Mtu anachapa 13.50 badala ya 1.35, au wanageuza timu ya nyumbani na ya ugenini, na timu kubwa inapewa odi ya mnyonge. Ukiikuta odi kama hiyo ukaweka laki mbili ghafla wakati siku zote unaweka buku, hata hakimu hatakuamini kwamba hukuona.

Lakini 2.40 wakati wengine wana 2.10 si kosa, ni bei. Kampuni iliyouza kwa bei mbaya imeuza. Uliza maswali haya kwa maandishi. Je, kosa liligunduliwa kabla ya mechi au baada ya kuonekana nani ameshinda? Waliobeti kwa odi hiyo hiyo wakapoteza, wamerudishiwa dau? Odi sahihi ilikuwa ngapi, na kwa nini msinilipe kwa hiyo? Masharti mengi husema odi yenye kosa italipwa kwa bei sahihi, wala si kufutwa tu. Mwenzetu mmoja, mwanafunzi wa UDOM, alidai kwa swali hilo la tatu peke yake, akalipwa kwa odi ya 1.90 badala ya 4.90. Alinuna, lakini alilipwa.

Odi za kampuni nyingine za saa ile ile ni ushahidi mzuri, na unautafuta leo leo.

10. Wanasema nilibeti goli likiwa limeshaingia.

Kama saa ya mkeka ni baada ya tukio, hoja yao ni nzito. Mechi za moja kwa moja huwa na sekunde kadhaa za kusubiri kabla dau halijapokelewa, na televisheni ya kibandani huchelewa kuliko uwanja. Omba saa kamili kwa sekunde: ya kupokelewa dau na ya goli kwa mujibu wa mtoa takwimu wao. Mara nyingine zinapishana kwa faida yako.

11. "Umekiuka masharti." Akaunti imefungwa na pesa iko ndani.

Jibu hilo halijakamilika. Uliza kifungu gani na kitendo gani. Tuhuma ya kawaida ni mtu mmoja kuwa na akaunti nyingi, na huku kwetu inawaangukia wasio na hatia: vijana sita wa kijiwe kimoja wanatumia simu mbili, au bweni zima linatumia intaneti ya mtu mmoja. Kwa mfumo wao hao ni mtu mmoja mwenye vichwa sita. Kitambulisho cha NIDA, laini iliyosajiliwa kwa jina lako, na miamala iliyotoka kwenye simu yako huwa vinatosha kujitenga na wenzako.

Hata kama wana haki ya kukufunga, pesa uliyoweka mwenyewe ambayo hujaibetia ni yako. Idai peke yake, kwa barua yake.

Tena una silaha isiyotumiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kazi Mei 2023, inakupa haki ya kuomba taarifa zako zinazoshikiliwa na taasisi. Omba historia yote ya akaunti: mikeka, miamala, siku na sababu ya kufungiwa. Wakikaidi, kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Barua inayotaja sheria hii husomwa na mtu mwingine ofisini, si yule anayejibu "mpendwa mteja".

12. Nilishinda kwa pesa ya bonasi.

Soma masharti ya bonasi, yako peke yake tofauti na yale makuu. Kwa kawaida lazima uizungushe, yaani uibetie tena, mara kadhaa kwa odi isiyopungua kiwango fulani kabla ya kutoa. Hapa sina faraja nyingi.

13. Matokeo yamebadilishwa mezani siku tatu baadaye. Nalipwa kwa yapi?

Ya uwanjani, filimbi ya mwisho ilipolia. Timu kupokonywa pointi kwa kuchezesha mchezaji asiyestahili ni mambo ya msimamo wa ligi. Kanuni hii inakulinda pia: kampuni haiwezi kukurudisha nyuma kwa uamuzi uliotoka baada ya mechi.

## Kulalamika

14. Naanzia wapi, na niandike nini?

Kwa kampuni, kwa maandishi, kabla ya mahali pengine popote. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha (swali la 15) na mahakama zote zitakuuliza: "Uliwaandikia? Walijibu nini?" Mazungumzo ya simu hayahesabiki. Ukipigiwa, waambie wakuandikie.

Barua fupi inafaa kuliko ndefu. Mimi huwaandikia watu hivi:

"Mimi ni fulani, akaunti namba hii. Tarehe hii, saa hii, niliweka mkeka namba hii kwa dau la Sh 2,000. Machaguo yote yameshinda kama picha zinavyoonyesha. Ninadai Sh 33,264 kasoro kodi. Kama mnakataa, nijulisheni kwa maandishi ni kifungu namba ngapi cha masharti yaliyokuwepo siku hiyo, na ni ukweli gani unaokigusa. Nasubiri siku saba za kazi, kisha nitapeleka suala hili Bodi ya Michezo ya Kubahatisha."

Usiweke matusi, usiweke watoto wanaolala njaa, usiweke "mnatuibia kila siku". Sentensi moja tu ya hasira inampa msomaji sababu ya kuiweka barua chini ya nyingine.

15. Bodi inaweza kunisaidia vipi?

Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania ndiyo inayotoa leseni kwa mujibu wa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, ya mwaka 2003. Nguvu yake ni hiyo leseni. Ikiiandikia kampuni itoe maelezo, kampuni inatafuta faili lako kwa kasi ambayo hukuwahi kuiona. Peleka barua yako ya swali la 14, jibu lao au ushahidi kwamba hawakujibu, na vielelezo vya swali la 5 vikiwa na namba. Eleza unataka nini kwa shilingi.

Bodi iko chini ya Wizara ya Fedha, na wapo wanaopanda daladala hadi Mtumba wakitaka kumuona mtu wizarani. Hifadhi nauli. Wizara itakurudisha kwa Bodi. Tumia mawasiliano yaliyo kwenye tovuti ya Bodi, gamingboard.go.tz, na uombe namba ya malalamiko. Kimya kikizidi, mfumo wa serikali wa e-Mrejesho unapokea malalamiko dhidi ya taasisi za umma, Bodi ikiwemo.

Usitegemee Bodi igeuze mkeka uliopoteza. Swali la 7 halina rufaa.

16. Nitajuaje kama kampuni ina leseni?

Dukani, leseni hubandikwa ukutani. Mtandaoni hutajwa chini kabisa ya ukurasa. Andika jina la kampuni lililoko humo. Mara nyingi si lile lililoko kwenye kibao cha barabarani, na utalihitaji swali la 17. Linganisha na orodha ya Bodi. Nembo ya Bodi peke yake si kitu, yeyote anaweza kuibandika.

17. Naweza kushtaki mahakamani?

Unaweza, na si lazima uwe na wakili. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya fedha yasiyozidi Sh milioni 30, na kesi inaendeshwa kwa Kiswahili. Shitaki jina la kampuni lililosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa kampuni, siyo jina la biashara. Nimeona dai zuri likirudishwa kwa sababu mdaiwa aliyeandikwa alikuwa nembo. Soma pia kama masharti yanataka usuluhishi kwanza, na muulize karani wa mahakama kuhusu mahali pa kufungua, maana kampuni nyingi makao yake yako Dar es Salaam.

Picha za skrini na ujumbe wa simu vinakubalika kama ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, lakini utaulizwa vilipatikanaje, kwa hiyo usiifute simu wala kuiuza kabla kesi haijaisha. Muda wa kudai haki ya mkataba ni miaka sita. Usiutumie wote.

Kama huna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na wapo hadi wilayani: Kongwa, Mpwapwa, Kondoa. Ofisi ya ustawi wa jamii itakuelekeza. Kwa dai la Sh 15,000, sema kweli na nafsi yako: nauli mbili za kutoka Mpwapwa zinalimaliza.

18. Polisi je? Na nikiwaanika mitandaoni?

Polisi ni kwa jinai: tiketi ya kughushi, akaunti iliyoingiliwa na mwizi, wakala aliyekimbia na pesa yako. Kutolipwa kwa sababu ya kifungu cha masharti ni madai, na afande atakwambia hivyo baada ya kukuweka kwenye benchi saa mbili.

Kuandika mtandaoni kuna nguvu yake, ila andika yaliyotokea tu, na uandike baada ya barua. Ukiita kampuni majambazi umewapa kesi yao dhidi yako.

## Mambo yenye utata

19. Laini ni ya mke wangu, akaunti ina jina langu.

Kampuni inaweza kukataa kulipa jina tofauti, na sababu yake ina msingi, kwani wanazuia wizi na utakatishaji wa fedha. Njia ya kawaida ni barua ya wote wawili yenye nakala za vitambulisho, na kuomba malipo kwa benki kwa jina la mwenye akaunti. Usibadilishe usajili wa laini katikati ya mgogoro, utaonekana unaficha kitu.

20. Mdogo wangu ana miaka 17, ameshinda kwa akaunti yangu.

Umri ni miaka 18. Wakijua, hawatalipa, na wewe uliyempa akaunti umevunja masharti. Dai dau lirudishwe, uishie hapo.

21. Tulichanga wanne, mkeka uko kwa jina la mmoja, naye hataki kugawa.

Kampuni imeshamaliza kazi yake kwa kumlipa mwenye akaunti. Ugomvi ni wenu, na ushahidi ni ule ujumbe wa kumtumia mchango, hasa kama mliandika ni wa nini. Anzeni kwa mtendaji wa mtaa. Kama mlichanga mkononi bila hata ujumbe, kazi ipo.

22. Mzee ameshinda, akafariki kabla ya kulipwa.

Pesa hiyo ni sehemu ya mirathi. Iandikie kampuni mara moja kuijulisha ili akaunti isitumike na muda wa kudai usipite, kisha mfungue mirathi Mahakama ya Mwanzo. Atakayelipwa ni msimamizi wa mirathi. Kutumia simu ya marehemu kutoa pesa usiku wa msiba, hata kama nywila mnaijua, huwa ni mwanzo wa ugomvi wa ndugu.

23. Nimebeti kwenye tovuti ya nje isiyo na leseni ya hapa.

Bodi haina leseni ya kuwanyang'anya. Angalia chini ya ukurasa wao ni nchi gani imewapa kibali, ulalamike huko. Sijawahi kumuona mtu wa Dodoma aliyelipwa kwa njia hiyo.

24. Nilibetiana na rafiki yangu kijiweni, hataki kunilipa.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haitambui makubaliano ya kubahatisha ya namna hiyo. Huna kesi.

25. Nimeshinda milioni nne, wamenipigia wanasema nitume kwanza Sh 120,000 ya kodi ndipo wazifungue.

Hao si kampuni. Kodi ya ushindi hukatwa ndani ya malipo (swali la 3). Mshindi hatumi kitu. Mara nyingi hata huo ushindi hujauona popote isipokuwa kwenye ujumbe wao, au kuna kundi la Telegram la "mechi za uhakika" lililokuunganisha nao. Usitume. Kama ulishatuma, piga mtandao wako wa simu dakika hiyo hiyo uombe muamala uzuiwe, halafu uripoti namba yao kwa 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na uende polisi na ujumbe wote ukiwa haujafutwa.